Akiba ya Mshono

Sketi ya bluu nimeifumua mara tatu.
Kila fundi huacha akiba pembeni mwa mshono,
inchi moja huku, inchi moja kule,
kwa ajili ya mimba, Krismasi na miaka.
Mara ya nne nilipopitisha wembe
sikukuta kitu: uzi, kisha hewa.

Nimepima nusu ya Mabatini kwa futi hii.
Najua nani anabana pumzi nikifika kiunoni,
nani husema, "Acha nafasi kidogo, Mama Kabula,"
nani amekonda na hataki aulizwe.
Mimi mwenyewe sikuwa nimejipima tangu Kabula azaliwe,
naye sasa yuko kidato cha pili.
Usiku ule nilifunga mlango, nikajizungushia futi,
nikaandika kwenye daftari la oda,
chini ya gauni la kipaimara la binti wa Lubango:
Mimi. Kiuno arobaini na sita. Malipo: bado.

Nyumba yetu imeegemea jiwe.
Jiwe lenyewe ni kubwa kuliko nyumba
na halijawahi kutudai kodi.
Saa kumi na moja alfajiri napanda juu yake na mkeka,
madumu mawili ya lita tano, mchanga nusu nusu.
Kuchuchumaa mara kumi. Siku ya kwanza niliishia sita,
nikakaa, nikajifanya natazama ziwa.
Ziwa halikuonekana, giza lilikuwa bado halijaliachia.
Taa za wavua dagaa tu, mbali,
kama vifungo vilivyomwagika sakafuni.

Magoti yalilia kama cherehani isiyotiwa mafuta.
Milembe wa jirani akachungulia dirishani:
"Shoga, unatambika?"
"Ndiyo," nikasema, "mizimu inataka kiuno."

Chakula, hapo ndipo palipokuwa na vita.
Sikuacha ugali. Msukuma aache ugali ahamie wapi?
Niliacha ule mlima wa pili.
Ngumi moja ya ugali, ngumi yangu, si ya Masalu,
sato wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya,
mlenda na mchicha hadi sahani igeuke kijani.
Chai bila vitumbua ni redio bila betri;
wiki ya kwanza nililia, sioni haya kusema.
Masalu alimwonja samaki asiyepita kwenye mafuta,
akauliza ni nani anayeumwa.

Wiki ya tano, harusi ya Igoma.
Pilau, pilau tena, soda tatu,
na keki ya mama wa bibi harusi, ambayo kuikataa ni ugomvi.
Jumatatu sikupanda jiwe. Jumanne pia.
Jumatano mvua ilinyesha, nikaishukuru.
Alhamisi Kabula aliyabeba madumu akayaweka mlangoni,
palepale ambapo lazima nijikwae,
akaenda shule bila kusema neno.

Sijawa mwembamba. Msinitungie hadithi.
Kilima cha Bugarika bado kinanitoa jasho,
ila sasa nafika juu nikiwa na maneno mdomoni,
zamani nilifika na mkono kifuani.
Nesi wa zahanati alinifunga ile mashine ya presha,
akaisoma, akaipiga kikofi, akanifunga tena.
"Umefanya nini, mama?"
Nikamwambia: nimefumua.

Leo nimefungua daftari. Arobaini na mbili na nusu.
Nimeichukua sketi ya bluu, nikaigeuza ndani nje,
nikapitisha mshono mpya
inchi moja na zaidi huku, vivyo hivyo kule.
Kitambaa kilichozidi sikukikata.
Fundi hakati. Desemba inakuja, na mimi najijua.
Kisha nikashika kalamu, nikafuta lile neno "bado",
nikaandika kama ninavyowaandikia wateja wangu wa kweli,
wale wanaopita kila Ijumaa na noti iliyokunjwa:
Malipo: analipa kidogo kidogo.